Kiingereza cha Uwanja wa Ndege kwa Anayesafiri Mara ya Kwanza: Dar, Doha, London

Maswali yanayonifikia ni yaleyale. Kijana amepata nafasi ya kusoma nje, mama anakwenda kumwona binti yake aliyejifungua, na wote wawili wanauliza: "Kiingereza changu ni cha kuombea maji tu, nitafika kweli?"

Utafika. Kiingereza cha uwanjani ni kidogo kuliko unavyodhani. Maswali yanakuja kwa mpangilio uleule, kaunta hadi kaunta, na majibu mengi ni maneno mawili au matatu. Kinachowaangusha watu mara nyingi si sarufi. Ni herufi za jina, tarakimu na saa, mambo ambayo kozi nyingi za Kiingereza huyapita mbio. Mimi nitakaa hapo zaidi.

Nimechukua safari ya Dar es Salaam kwenda London kwa kupitia Doha kama mfano. Ukipitia Addis Ababa, Dubai au Istanbul, maneno ni hayohayo. Pale ambapo maandishi na sauti havifanani, nimeandika neno jinsi linavyosikika kwa masikio ya Mswahili.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Pasipoti, na tiketi iliyochapishwa kwenye karatasi. Simu huzima chaji, na kwenye foleni za uhamiaji mara nyingi hairuhusiwi kuitumia.
- Karatasi moja yenye jina kamili la mwenyeji wako, namba yake ya simu, na anwani yake pamoja na "postcode", yaani ule mchanganyiko wa herufi na tarakimu unaokaa mwishoni mwa anwani za Uingereza. Andika kwa herufi kubwa.
- Kalamu yako mwenyewe.
- Dawa zikiwa kwenye pakiti zake, na cheti cha daktari.
- Programu ya kutafsiri kwenye simu, Kiswahili na Kiingereza vikiwa vimepakuliwa ili vifanye kazi bila intaneti.
- Mtu wa kufanya naye mazoezi. Mwambie asikuonee huruma: asome maswali haraka, kama mtu aliyechoka mwisho wa zamu. Huko ndiko unakokwenda.

1. Jifunze kutaja herufi za jina lako

Utasikia "Could you spell that, please?" Anataka utaje herufi moja moja, na hapa Kiswahili chetu kinatutega, kwa sababu irabu zetu na zao zimepishana majina. A yao huitwa "ei". E yao huitwa "ii". I yao huitwa "ai". Kwa hiyo ukiitwa Neema na ukataja "e" kama tulivyofundishwa darasa la kwanza, yeye anasikia A. Ukitaja "i", anaandika E. Jina linatoka Naama, kompyuta inasema abiria huyo hayupo, na foleni nyuma yako inaanza kuguna.

Nyingine za kuangalia: G ni "jii" na J ni "jei". H ni "eich". R ni "aa", Y ni "wai", W ni "dabliu". Z ni "zed" kwa Waingereza na "zii" kwa Wamarekani. Herufi ikijirudia, sema "double" kisha herufi: Neema inakuwa "en, dabo ii, em, ei".

Ukiona bado hasikii, tumia maneno ya marubani: A ni Alfa, B Bravo, D Delta, E Echo, I India, J Juliett, M Mike, N November, P Papa, S Sierra. Unasema "M for Mike". Huna haja ya kukariri yote 26. Kariri yale ya jina lako na ya namba ya buking, ile ya herufi na tarakimu sita iliyoko juu ya tiketi. Wao huiita "booking reference".

Halafu kuna "surname", "last name" na "family name". Ni kitu kimoja: jina la ukoo, lile lililoandikwa kwenye mstari wa "Surname" katika pasipoti. "First name" na "given name" ni yale mengine. Sisi wenye majina matatu tufungue pasipoti tuangalie lipi liliwekwa wapi, maana uhamiaji hawakuulizi babu yako alikuwa nani. Wanafuata kilichochapishwa.

2. Badilisha saa, na usome tarehe mara mbili

Tiketi imeandikwa 22:40. Hiyo ni saa nne na dakika arobaini usiku. Hilo wengi wanalijua. Balaa liko kwenye saa za baada ya usiku wa manane. Tuseme tiketi inasema 15 JUN, 00:25. Kwa Kiingereza tarehe 15 imeshaanza, ila kwetu bado ni usiku wa kuamkia tarehe 15. Ukitoa saa tatu za kuwahi, unatakiwa uwanjani saa tatu na dakika ishirini na tano usiku wa tarehe 14. Anayejipangia kwenda tarehe 15 usiku anakuta ndege yake iliondoka jana.

Fanya hivi: andika kwenye karatasi, kwa Kiswahili, siku na saa ya kutoka nyumbani. Mpe mtu mwingine ahakiki akiwa na tiketi mkononi.

Saa zote za kwenye tiketi ni za mahali husika. Doha na Dar saa ni moja. London iko nyuma yetu kwa saa mbili wakati wa kiangazi chao na saa tatu wakati wa baridi. Ukisikia "local time", ndiyo hiyo saa ya pale ulipo.

Tofautisha pia "departure time" na "boarding time". Ya kwanza ni ndege kuondoka. Ya pili ni abiria kuanza kupanda, nayo hutangulia kwa dakika 40 hadi saa nzima. Mlango hufungwa kwa kawaida dakika 15 hadi 20 kabla ya ndege kuondoka. Saa yako ya kufanyia kazi ni "boarding time".

3. Kaunta ya Dar: tumia Kiswahili chako

Safari za nje nyingi huondokea Jengo la Tatu la Uwanja wa Julius Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2019. Wahudumu wengi pale ni Watanzania wenzako. Sijui ni nani aliyetuambia kwamba ukifika uwanjani lazima uanze kujikanyaga kwa Kiingereza. "Shikamoo, naomba kuuliza" inafanya kazi vizuri tu, na hapa ndipo mahali pa kumaliza maswali yako yote, hasa hili: "Begi langu linafika mpaka London, au nalichukua Doha?"

Hata hivyo, maswali rasmi unaweza kuyasikia kwa Kiingereza:

- "How many bags are you checking in?" Mabegi mangapi yanakwenda chini ya ndege? Jibu: "Two bags." La mkononi halihesabiwi. Hilo huitwa "hand luggage", "carry-on" au "cabin bag".
- "Did you pack this bag yourself?" Umelifunga mwenyewe? "Yes, I did."
- "Has anyone given you anything to carry?" Kuna mtu amekupa kitu umbebee? Hapa tulia. Kama jirani amekupa bahasha ya kumpelekea mwanawe, jibu la kweli ni "Yes", na dawa yake ni kuifungua nyumbani ukajua kilichomo kabla hujaondoka. Mzigo usioujua usiubebe, hata kama ni wa shangazi.
- "Window or aisle?" Dirishani au kwenye njia? S ya "aisle" haitamkwi. Linasikika "ail".
- "Your bag is overweight." Begi limezidi uzito. Kilo 23 kwa begi ndicho kipimo cha kawaida kwa mashirika mengi. Uliza: "Can I take something out?" Malipo ya ziada huitwa "excess baggage".

Kosa linalowaponza wengi: "Yes" ya Kiswahili. Ukiulizwa kwa kukanusha, sisi tunakubaliana na swali. "Huna betri humu?" "Ndiyo, sina." Kwa Kiingereza mambo ni kinyume. "You don't have any batteries in here?" Ukijibu "Yes", umesema unazo, na begi linafunguliwa upya. Kanuni ni nyepesi: kitu hakipo, jibu "No", hata swali lije kwa sura gani. Kitu kipo, "Yes". Hili lifanyie mazoezi mpaka ulimi uzoee, kwa sababu litakurudia kwenye ukaguzi, uhamiaji na forodha.

Ukipewa pasi ya kupandia ndege, "boarding pass", angalia vitu vitatu papo hapo: jina, namba ya ndege na "gate", yaani mlango wa kupandia ndege. Kisha angalia kibandiko cha begi. Kinatakiwa kiwe na herufi LHR kama unashukia Heathrow, au LGW kama ni Gatwick. Kikionyesha DOH peke yake, uliza kabla hujaondoka kaunta.

4. Ukaguzi

Hapa hakuna mazungumzo. Kuna amri fupi fupi, na kazi yako ni kutii.

"Shoes off." Vua viatu. "Belt off." Mkanda. "Empty your pockets." Toa vyote mifukoni. "Laptop out." Itoe kwenye begi iwe peke yake kwenye trei. "Arms up." Inua mikono. "Step back." Rudi nyuma. "Is this your bag?" Ukisikia hiyo, wameona kitu. Jibu "Yes, it's mine" na usiliguse begi mpaka uambiwe. Anayevaa hijabu na akatakiwa kukaguliwa anaweza kusema "A female officer, please", na "In private, please" kama anataka chumba cha faragha.

Vimiminika vya begi la mkononi visizidi mililita 100 kwa chupa. Kinachopimwa ni chupa, si kilichobaki ndani yake: losheni ya mililita 250 iliyobaki robo itachukuliwa vilevile. Asali, siagi ya karanga na pilipili ya kusaga navyo wanavihesabu kuwa vimiminika. "Power bank" ni kinyume chake, inakaa kwenye begi la mkononi na hairuhusiwi chini ya ndege. Kikomo cha kawaida ni Wh 100 (Wh ni kipimo cha nishati ya betri), na ile iliyoandikwa mAh 20,000 huwa kama Wh 74, kwa hiyo inapita.

Usitanie kuhusu bomu. Kwa lugha yoyote.

5. Kutafuta mlango wa ndege

Ubao mkubwa unakuambia yote: "On time" ni kwa wakati, "Delayed" imechelewa, "Cancelled" imefutwa, "Boarding" watu wanapanda, "Final call" ni wito wa mwisho, "Gate closed" ni pole. Tafuta namba ya ndege, usitafute jina la mji, maana ndege mbili za London zinaweza kufuatana.

Sasa tarakimu. "Thirteen" na "thirty", "fourteen" na "forty", "fifteen" na "fifty" kwenye kipaza sauti cha uwanjani ni mapacha. Geti 14 na geti 40 zinaweza kuachana kwa mwendo wa robo saa. Usibahatishe. Uliza tarakimu moja moja: "One-four, or four-zero?" Sifuri nayo mara nyingi huitwa "ou", kama herufi O. Ndege namba 106 utaisikia "wan-ou-siks".

Matangazo ya sauti usiyategemee. Viwanja vingi vikubwa vimeyapunguza, na ubao ndio unaosema kweli. Utazame tena kila baada ya muda mfupi. "Gate change" maana yake geti limehamishwa, na hakuna atakayekuja kukutafuta kwenye kiti.

6. Ndani ya ndege

Hapa pepesi. "Chicken or fish?" Jibu "Chicken, please." Hilo "please" ndilo "naomba" yetu. Ukiliacha, ukasema "Give me water" kama tafsiri ya "nipe maji", unasikika mkali bila kukusudia. Sema "Water, please." "Is it halal?" ni swali la kawaida na hakuna anayelishangaa. "Seat belt" ni mkanda, "upright" ni kiti kisimame, "aeroplane mode" ni simu kuzimwa mtandao.

7. Doha: fuata neno moja

Ukishuka, tafuta "Transfers". Usifuate "Arrivals" wala "Baggage Claim", hayo ni ya wanaoishia Qatar. Utapita ukaguzi tena, kwa hiyo maji uliyotoka nayo kwenye ndege yanywe au yaache.

Ukipotea, sema "Excuse me, I'm in transit to London. Where is gate C five?" Anza na "Excuse me", si "Sorry" wala "You". Majibu utakayosikia: "straight ahead" ni mbele moja kwa moja, "upstairs" juu, "downstairs" chini, "past the shops" ukishapita maduka, "take the train" panda treni ndogo ya humohumo ndani. Uwanja wa Hamad una sanamu ya dubu wa njano mkubwa kuliko chumba, katikati kabisa. Mkiwa wawili, hapo pa kukutania panatosha.

Wakenya na Waganda wanaofanya kazi katika viwanja vya Ghuba ni wengi. Ukisikia lafudhi unayoitambua, jaribu "Habari za kazi?" Inaokoa muda kuliko programu yoyote ya simu.

8. Uhamiaji London

Foleni yako ni ya "All other passports" au maneno yanayofanana na hayo. Afisa hatafuti Kiingereza kizuri. Anatafuta majibu yanayolingana na viza yako. Jibu fupi, la kweli, kisha nyamaza. Anayeongeza maelezo asiyoulizwa anajitafutia maswali mapya.

- "What's the purpose of your visit?" Umekuja kwa nini? "I'm visiting my daughter." Au "I'm here to study."
- "How long are you staying?" Utakaa muda gani? Taja muda: "Six weeks." Jibu la "Not long" halimsaidii.
- "Where will you be staying?" Mpe ile karatasi. Na kumbuka kwamba "hotel" kwao ni pa kulala, si pale tunapokula chapati na maharage. Ukisema unakwenda "hotel" atakuuliza uthibitisho wa chumba.
- "What do you do?" Hakuulizi unafanya nini sasa hivi. Anauliza kazi yako. "I'm a teacher." "I'm a farmer." "I have a small business."
- "Do you have a return ticket?" Una tiketi ya kurudi? Ionyeshe.
- "Who is paying for your trip?" Nani amelipia? "My son."

Mama anayekwenda kwa mzazi awe mwangalifu na tafsiri ya "nimekuja kumsaidia kazi". Neno "work" mbele ya afisa lina uzito wake: ni ajira. Kama umekwenda kumwona binti na mjukuu, hiyo ndiyo sentensi yako: "My daughter had a baby. I'm visiting the family." "Nimekuja kutafuta maisha" nayo, hata kwa utani, haitafsiriwi hapo.

Wanafunzi, jina la chuo na la kozi yajueni kwa Kiingereza, kwa kuyatamka. Afisa akiuliza "What will you be studying?" na wewe unatafuta karatasi, unampa sababu ya kuendelea.

9. Mabegi na forodha

"Baggage reclaim" ndipo mabegi yalipo. "Belt" au "carousel" ni mkanda unaozunguka, tafuta wenye namba ya ndege yako. Toroli huitwa "trolley".

Kisha milango miwili. Kijani, "Nothing to declare", ni ya asiye na cha kutangaza. Nyekundu, "Goods to declare", ni ya mwenye nacho. Nyama na maziwa kutoka kwetu haviruhusiwi kuingia Uingereza, hata kama ni nyama ya kukausha aliyokufungia bibi. Fedha taslimu kuanzia pauni 10,000 lazima zitangazwe. Ukisimamishwa: "Any food in your bag?" Unacho, sema "Yes" na ukitaje. Kilichotajwa kinaweza kuchukuliwa yakaishia hapo, lakini kilichofichwa kina kesi yake.

Mambo yakienda kombo

*Sikumwelewa kabisa.* "Could you say that again, slowly, please?" Akirudia bado giza, mpe kalamu: "Could you write it down?" Usikubali kwa kichwa swali usilolielewa. Mbele ya uhamiaji, omba mkalimani: "I need a Swahili interpreter, please."

*Ndege ya kwanza imechelewa, ya pili imeniacha.* Nenda kaunta ya "Transfers" ya shirika lako: "I missed my connection. My first flight was late." Kama safari zote ziko kwenye tiketi moja, kukupangia nyingine ni kazi yao. Ongeza: "Do I get a meal voucher? And a hotel?" Uliza tu, mara nyingi haki hiyo hupewa aliyeuliza.

*Jina kwenye tiketi limekosewa herufi.* "There is a mistake in my name." Lisemee siku ulipoipata tiketi, si kaunta siku ya safari.

*Naumwa.* "I feel sick" ni kichefuchefu au kuumwa, "I feel dizzy" ni kizunguzungu. "I need a doctor" haihitaji nyongeza.

*Begi limevunjika au halikuja.* Usitoke nje ya ukumbi wa mabegi. Tafuta kaunta ya "Baggage services", toa kibandiko, sema "My bag did not arrive" au "My bag is damaged." Watakuuliza rangi, ukubwa na alama: "A large black suitcase with a red ribbon." Dai ripoti ya tatizo la mzigo, iitwayo PIR ("Property Irregularity Report"), na uondoke na namba yake. Kwa Mkataba wa Montreal wa 1999, begi lililoharibika unalilalamikia kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea, na lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Barua pepe ianze hivi: "I would like to make a claim." Weka namba ya PIR, picha ya kibandiko, na risiti za vitu ulivyolazimika kununua wakati begi halipo. R-e-c-e-i-p-t, ambayo P yake haitamkwi: "risiit".